Nina Jumamosi moja Ureno: niende Aveiro, mji wa mifereji, ama nibaki Porto?

MwanaKibokoni
Salaam wadau. Januari natumwa Porto na kazi, mkutano waisha Ijumaa na ndege yangu ni Jumapili asubuhi, kwa hiyo nina Jumamosi nzima mkononi. Wenzangu wamegawanyika. Mmoja ashikilia niende Aveiro, mji mdogo kando ya bahari wenye mifereji inayopita katikati ya mitaa, mwengine asema ni pahali pa kupiga picha tu, nusu saa ushamaliza. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale wa Mombasa, nimekulia chini ya kuta za Ngome ya Yesu, na hawa Wareno walitukalia hapa toka 1593 walipoanza kuijenga mpaka 1698 Waomani walipowatoa, na bado ninachokijua kwao ni mizinga na makanisa. Nataka kuona wavuvi wao na wachuuzi wao walivyoishi. Wafaa siku nzima? Na jambo jengine linanisumbua zaidi: mbona wao wakawa na mifereji mjini, na sisi kisiwa kizima kimezungukwa na maji hatuna hata mmoja?

Niko_Ughaibuni
Nenda. Mimi naishi upande huo na kila mgeni akija nampeleka. Treni wapanda São Bento ama Campanhã, ile ya kusimama kila kituo ni saa moja na kitu, ya haraka ni chini ya hapo ila bei yake juu. Ukishuka usikimbie, geuka kwanza utazame jengo la kituo cha zamani, kuta zimevikwa vigae vya buluu na nyeupe vyenye picha za mashua na watu wa huko na kazi zao. Halafu ni barabara moja iliyonyooka, Avenida Dr. Lourenço Peixinho, waishuka kwa miguu mpaka unaangukia mfereji wa kati. Mifereji ya mjini ni michache, yote waizunguka kwa miguu, kuna huo wa kati, kuna wa Pirâmides unaotoka kwenda horini, wa São Roque uliokuwa na maghala ya chumvi, na wa Cojo upande wa juu. Huyo wa nusu saa hajaingia Beira-Mar, mtaa wa wavuvi, vichochoro vyembamba na nyumba ndogo ndogo, mtu wa Kibokoni hatapotea.

Kasuku254
Mimi niko na huyo wa nusu saa. Wanaita "Venice ya Ureno", na mji ukishaitwa Venice ya mahali fulani ujue una daraja tatu na duka la sumaku za friji. Baki Porto ule samaki.

NahodhaMstaafu
Kasuku wewe hata Mtwapa waenda kwa picha za simu. Mimi bandari ya Aveiro nimeingia na meli ya mizigo nikiwa baharia, na tulipopata ruhusa ya kushuka tukaenda mjini. Jibu la swali la pili ni chumvi. Kule nje ya mji kuna mabwawa ya chumvi, maji yaingizwa bahari ikijaa, yatuama, jua na upepo vinafanya kazi yake, halafu chumvi yakokotwa kwa majembe ya mbao. Sasa chumvi ni nzito na ile ardhi ni tope, mkokoteni hauendi, punda azama. Kwa hiyo walichimba mifereji mashua zipate kuingia hadi mlangoni pa ghala. Ni hilo tu.

Mwalimu_wa_Historia
Nahodha umesema vizuri, ila hapo kwa "walichimba" napunguza kidogo. Ile Ria de Aveiro ni hori kubwa lililofungiwa na ukanda wa mchanga, urefu wake karibu kilomita 45, na ndani yake maji yana njia zake za asili. Mji ulikaa ukingoni mwa njia hizo, kisha watu wakazinyoosha na kuzijengea kingo za mawe. Chumvi yenyewe ni ya zamani sana, wosia wa Mumadona Dias wa mwaka 959 unazitaja ardhi zake na mabwawa ya chumvi ya hapo, wakati huo hata nchi inayoitwa Ureno haijakuwako. Kwa hiyo chumvi ilitangulia, mji ukaifuata. Hiyo mifereji ya kati tunayoiona leo na kingo zake imekuja pole pole.

FundiChokaa
Mimi nafanya kazi ya kukarabati nyumba za kale na nalitazama hili kwa mawe. Mombasa ni mwamba wa matumbawe. Chimba popote Mji wa Kale, hatua chache wagonga jiwe. Huwezi kuchimba mfereji kwenye jiwe kwa sururu, na ukiuchimba maji yetu yapanda na kushuka mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, mchana utakuwa na mfereji, jioni una shimo la kaa. Wao wamekaa juu ya mchanga na tope, yachimbika. Na sisi tumepewa mikono ya bahari yenye kina, Tudor huku, Kilindini kule, jahazi laja lenyewe mpaka bandari ya kale. Mfereji wa nini?

BintiWaTudor
Ngojeni kwanza, hii ya "sisi hatuna mifereji" naona imepita bila kuulizwa. Pwani hii watu wamechimba. Belezoni, ule mfereji uliounganisha mto Tana na mto Ozi, ulichimbwa karne ya 19, na baadaye Tana wenyewe ukapenda njia ile ukaanza kutokea Kipini. Mto mkubwa kuliko yote Kenya umehama kwa kazi ya majembe na watu hamuutaji!

Mlamu_Asili
Ahsante Binti. Na Mkanda je? Ile njia ya maji baina ya Manda na bara, boti za kwenda Pate na Faza zote zapita pale na zangoja maji yajae, yakiwa mafu wakaa kwenye matope na mikoko pande zote mpaka yarudi. Tumezaliwa na hayo mambo. Mombasa ndio munaojiona nyinyi ndio pwani yote.

Kasuku254
Mlamu ameamka. Sasa uzi wa Ureno umeshafika Faza.

FundiChokaa
Binti na Mlamu, hizo nazikubali lakini ni njia za kupitia, hakuna nyumba zilizojengwa kando yake mtu akafungua dirisha akaona mashua. Swali la MwanaKibokoni ni mfereji wa mjini.

BintiWaTudor
Na Makupa? Mombasa ilikuwa na maji yanayopita baina ya kisiwa na bara, mkoloni akayaziba kwa tuta la barabara na reli, maji ya huku yakawa hayaonani na ya kule, mpaka juzi 2022 lilipofunguliwa daraja jipya ndipo yakaachiwa tena. Sisi mfereji tulikuwa nao wa kupewa bure, tukauziba kwa vifusi.

MwanaKibokoni
Makupa hiyo imenigusa, marehemu babu alikuwa akisema samaki wa Tudor waliadimika tangu zamani sana na sisi tulidhani ni uzee wasema. Niko, mashua je? Nimeona picha, omo imepinda juu kabisa na imechorwa.

Niko_Ughaibuni
Zaitwa moliceiro. Mbao za msonobari, chini bapa kabisa zipite kwenye maji machache, urefu kama mita 15. Kazi yake ya asili si watalii, ilikuwa kuvuna mwani wa horini, wenyewe wauita moliço, wakwanguliwa kwa mareki yenye meno marefu wakati mashua yaenda kwa tanga, kisha wapelekwa shambani kuwa mbolea. Zile Gafanha, vijiji vya upande wa pili, zilikuwa mchanga mtupu, mwani ndio uliozigeuza mashamba. Upepo ukikosekana walisukuma kwa upondo ama wakaivuta kwa kamba wakitembea ukingoni. Picha ziko sehemu nne, omo pande mbili na tezi pande mbili, na chini ya kila picha kuna mstari wa maneno. Nyengine ni watakatifu, nyengine wafalme, na nyengine, nakwambia ukweli, ukienda na mama mkwe utamwambia hujui kusoma Kireno.

ShangaziMahamri
Sasa hiyo ndiyo kanga yenye tanga. Picha na jina lake chini, na jina lenyewe la mafumbo. Lakini mbona mwanamume achore matusi kwenye chombo cha rizki?

NahodhaMstaafu
Chombo horini chatazamwa na kila mtu Shangazi. Wako wavuna mwani kwa mamia, mashua zote zafanana, mchoro ndio jina lako. Ukiweka cha kuchekesha utakumbukwa.

Mlamu_Asili
Kwetu jahazi latiwa jicho omoni. Wazee wengine watasema ni la kuona njia, wengine ni la kukinga hasadi. Mimi naona na wao ni hivyo hivyo, mwenye kijicho akicheka jicho lake halidhuru.

Mwalimu_wa_Historia
Wako pia wanaosema ni ushindani wa wachoraji tu. Wachoraji wengi hawakusoma sana, maneno mengine yameandikwa kwa makosa na yameachwa vivyo hivyo mpaka leo wakiyarudia rangi. Na jambo moja la kuongeza kwa MwanaKibokoni, si kila mashua utakayopandishwa ni moliceiro. Nyengine ni mercantel, chombo kizito zaidi kilichobeba chumvi na bidhaa, sasa kinabeba watalii. Muulize mwenye chombo.

Kasuku254
Na mwani umeishia wapi? Ama nao wapiga picha siku hizi.

Niko_Ughaibuni
Mbolea ya dukani iliua soko, hilo watakwambia wote. Ila mzee mmoja wa Murtosa, upande wa kaskazini wa hori, aliniambia mwani wenyewe ulipotea kabla ya wao kuacha, kwa sababu bandari ilichimbwa kina, maji yakawa yaingia na kutoka kwa kasi, na mwani wataka maji yaliyotulia. Mwengine karibu yake akamkatiza, akasema vijana walikwenda kufanya kazi Ufaransa na Ujerumani basi, mikono ikaisha. Walibishana mpaka nikaondoka.

BintiWaTudor
Hiyo ya kina yanitia hofu. Kibuyuni na Gazi akina mama wanakula kwa mwani leo, na wao pia waulizane maji yao yaenda vipi kabla hayajaguswa.

TembeaUone
Nimesoma toka juu, uzi mtamu. Mimi nimefika Aveiro na nitasema kitu ambacho hakuna aliyekisema: mji ule uliwahi kufa. Mdomo wa hori ulizibwa na dhoruba ya 1575, meli zikawa haziingii, watu wakahama. Ukijua hilo unatembea pale kwa macho mengine.

NahodhaMstaafu
Dhoruba haizibi mdomo kwa siku moja. Mchanga watembea. Ule mdomo ulikuwa wasogea kusini miaka na miaka, kila msimu wa baridi kidogo kidogo, dhoruba ilikuja kumalizia tu. Ukitaka kujua mchanga wafanya nini nenda Ngomeni kwa wavuvi.

FundiChokaa
Na mto je? Vouga unamwaga tope humo humo. Wakikata misitu huko juu tope laja chini. Angalieni Sabaki inavyomwaga Malindi, bahari nyekundu mpaka wageni wakakimbilia Watamu. Mimi naweka lawama kwa mto.

Mwalimu_wa_Historia
Kila mmoja wenu ana kipande. Lililo hakika ni kwamba maji yalituama, homa zikaenea, mabwawa ya chumvi yakaharibika, na idadi ya watu ikashuka sana. Mfalme José wa Kwanza aliupa hadhi ya jiji mwaka 1759 ukiwa bado mgonjwa. Dawa ilipatikana 1808, wahandisi Reinaldo Oudinot na Luís Gomes de Carvalho walipanga mdomo mpya wa kuchimbwa, na tarehe 3 Aprili mwaka huo ukafunguliwa, maji yakapata kutoka. Na mawe ya kujengea gati la kuuzuia mchanga walichukua wapi? Walibomoa kuta za mji. Kuta za karne ya 15.

FundiChokaa
Subhanallah. Walivunja ngome yao wenyewe kuokoa maji?

Mwalimu_wa_Historia
Ndiyo. Ndio maana ukienda leo hutaziona.

FundiChokaa
Nimekaa na hili tangu alasiri. Mimi riziki yangu yatoka kwenye kuta za kale, nimeshika kwa mikono hii chokaa ambayo wazee waliichoma kwa matumbawe na magogo ya mikoko, na mtu akiniambia tubomoe ukuta wa karne ya 15 nitalala mbele ya tingatinga. Lakini wale watu walikuwa wakifa kwa homa. Sijui ningesema nini ningekuwa pale.

Kasuku254
Ungesema wabomoe nusu. Na sisi ya kwetu tuliifanya jela mpaka 1958 ndio ikasalimika, jiwe la gereza halibebwi.

ShangaziMahamri
Mumezungumza maji, mchanga, mawe, mtoto atakula nini hamsemi. MwanaKibokoni, huko kuna utamu waitwa ovos moles. Nimewahi kuletewa. Ni kiini cha yai na sukari, vimepikwa mpaka vikawa vizito, halafu vimetiwa ndani ya kaki nyembamba nyeupe iliyofinyangwa umbo la kome na samaki. Ukiuma, ile ganda yavunjika bila sauti na ndani ni laini, sukari tele, usile zaidi ya vitatu kwa mkupuo, na uwe na kahawa chungu. Vyauzwa pia kwenye vipipa vidogo vya mbao vilivyochorwa mashua.

MwanaKibokoni
Shangazi ahsante, ni halali?

ShangaziMahamri
Yai, sukari, maji na unga wa kaki. Wewe uliza dukani kama wametia chochote chengine. Asili yake ni masista wa Convento de Jesus, waliutumia ute mweupe kutia wanga nguo zao zisimame, viini vikabaki vingi, wakatafuta la kuvifanyia.

TembeaUone
Mimi nilielezwa ute ulikwenda kusafishia mvinyo, si nguo.

ShangaziMahamri
Na mimi kama mpishi nakwambia zote mbili hazinitoshi. Mayai hayo mengi yalitoka wapi kwanza? Watu walilipa kodi za mashamba kwa mayai na kuku, na sukari Wareno walikuwa nayo ya Madeira wakati Ulaya nzima yaililia. Mwenye sukari na mayai atapika halua ya mayai, hahitaji sababu ya nguo.

Mwalimu_wa_Historia
Convento hiyo iingie, sasa ni makumbusho. Ndani kuna kaburi la Joana, binti wa mfalme Afonso wa Tano, aliyekataa wachumba wa kifalme akaingia hapo 1472 na akafa 1490. Marumaru ya rangi yamepachikwa kipande kwa kipande, Fundi ungelia. Kaka yake ni João wa Pili, ndiye aliyemtuma Bartolomeu Dias aliyeizunguka ncha ya kusini ya Afrika 1488, na kwa njia hiyo miaka 10 baadaye Vasco da Gama akatia nanga mbele ya Mombasa. Ukisimama kwenye kaburi lile umesimama karibu sana na mwanzo wa mambo yetu.

MwanaKibokoni
Hilo peke yake limenitoa Porto. Naenda.

Niko_Ughaibuni
Umesema Januari? Tazama tarehe. Karibu na tarehe 10 Januari kuna sikukuu ya São Gonçalinho hapo Beira-Mar. Watu wenye nadhiri wapanda juu ya kanisa dogo wanatupa cavacas, vitobosha vikavu vigumu vilivyopakwa sukari, na walio chini wanavidaka kwa nyavu za miti mirefu na miavuli iliyopinduliwa. Waamini mtakatifu yule aponya mifupa na kufungua milango ya ndoa. Vigumu kweli vile vitu, vaa kofia.

Mlamu_Asili
Nyavu za kudaka mikate! Wavuvi ni wavuvi tu, popote walipo.

Kasuku254
MwanaKibokoni bado hujaoa, simama mbele kabisa.

MwanaKibokoni
Jumamosi yangu ni ya pili ya mwezi, yaweza kuangukia humo humo. Na zile nyumba za mistari nilizoziona, ziko hapo hapo mjini?

TembeaUone
Hapana, hizo ni Costa Nova, kwenye ule ukanda wa mchanga baina ya hori na bahari kuu, kuna basi toka mjini. Zilikuwa mabanda ya wavuvi ya kuwekea vyombo. Mistari, wasema, ni mvuvi aone nyumba yake kukiwa na ukungu.

NahodhaMstaafu
Mvuvi hatafuti nyumba kwenye ukungu, atafuta mdomo wa maji. Mistari ni ya matajiri waliokuja kupunga upepo miezi ya joto wakayakodi yale mabanda. Kama wataka kuona kitu cha baharia teremka Barra, hapo jirani, kuna mnara wa taa wa mita 62, mrefu kuliko yote Ureno, umewaka toka 1893.

Niko_Ughaibuni
Na ukipitia Ílhavo kuna makumbusho ya bahari, wale waliokwenda kuvua chewa wa baridi mpaka Newfoundland na Greenland, mtu mmoja ndani ya kidau kimoja, wakimtia chumvi humo humo melini. Ng'onda yao ndiyo hiyo bacalhau. Lakini kwa siku moja ya Januari huwezi yote, giza laingia mapema na mvua ipo. Chagua Costa Nova ama Ílhavo, si zote.

FundiChokaa
Mimi naomba uniangalizie jambo moja. Hiyo mifereji ya mjini bahari ikipwa inakuwaje? Maana horini maji yashuka, sasa mbona picha zote maji yamejaa tu?

Niko_Ughaibuni
Kuna milango ya maji upande wa Pirâmides inayofungwa na kufunguliwa, ndiyo inayoshika kiwango mjini. Zamani haikuwako, wazee wa Beira-Mar wakumbuka matope na harufu.

BintiWaTudor
Kwa hiyo mfereji bila mlango ni shimo la kaa, kama alivyosema Fundi mwanzo. Lakini yawezekana. Fundi, tukutane Makupa unieleze mlango waweza kuwekwa wapi.

FundiChokaa
Makupa maji yapite, Binti, usiyafunge tena.

MwanaKibokoni
Niko, la mwisho: hao wavuna chumvi nitawakuta? Nimetamani kuona wakikokota.

Niko_Ughaibuni
Januari hapana, chumvi ni kazi ya miezi ya jua. Utakuta mabwawa yamejaa maji ya mvua na ndege wengi, mara nyengine heroe pia. Lakini Marinha da Troncalhada iko karibu tu na mfereji wa Pirâmides, waingia kwa miguu, ona jinsi walivyogawa vijibwawa na kuta za tope zilivyokandwa. Nenda huko asubuhi kabla ya mashua, mchana upepo wa bahari unakata.